Mbwa Anayeshikika: Malezi ya Mbwa wa Ulinzi na Kinga Dhidi ya Kung'atwa

Tuchukue mfano ambao mhudumu yeyote wa zahanati za pembezoni mwa Dar es Salaam ataukubali bila kubisha. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, Kipawa. Mtoto wa kike mwenye umri wa miaka minane ametumwa dukani kununua mafuta ya kula. Njia ya mkato inapita nyuma ya nyumba ya jirani, na geti la bati la nyumba hiyo halikufungwa vizuri. Mbwa wa pale, ambaye mchana kutwa hufungwa mnyororo chini ya mwembe na kufunguliwa giza linapoingia, anachomoka. Mtoto anapiga ukelele na kukimbia. Anafikishwa zahanati akiwa na jeraha la paja lililopakwa majivu. Mhudumu anauliza: mbwa ni wa nani, amechanjwa, na yuko wapi sasa? Jibu la swali la tatu ndilo linalomvunja moyo. Mbwa ameshauawa kwa marungu.

Maswali hayo yote ni ya lazima, na tutayarudia. Lakini lipo la nne ambalo halina safu yake katika daftari la wagonjwa: mbwa huyo alilelewaje? Somo hili linahusu swali hilo. Hoja yake ni kwamba mbwa asiyeshikika na binadamu ana hatari mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, hung'ata kwa urahisi. Pili, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna awezaye kumshika ili achanjwe. Hatari zote mbili huanza kujengwa mapema sana, mbwa angali mdogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

Uzito wa jambo

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba katika kila maambukizi 100 ya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo kuwa takriban 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa hospitalini, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Dalili za ugonjwa zikishajitokeza, tiba ya kuokoa maisha karibu haipo.

Hata hivyo, mbwa wengi wanaong'ata watu hawana kichaa. Ni mbwa wazima, wenye wenyewe, wanaofahamika mtaani kwa majina yao. Wameng'ata kwa sababu ya hofu, kwa kulinda chakula au watoto wao, kwa maumivu, au kwa kuwa hawajui namna nyingine ya kumkabili mtu. Mhudumu wa afya hawezi kutofautisha kwa kulitazama jeraha, na kwa hiyo hutibu kila jeraha kana kwamba virusi vimo. Huo ndio utaratibu sahihi. Bali gharama ya kila jeraha la namna hiyo, kuanzia dozi za chanjo na nauli hadi siku za shule zinazopotea na usingizi wa mzazi, ingeweza kuepukwa iwapo mbwa mzima asingeng'ata.

Jinsi mbwa mkali anavyotengenezwa

Kipawa ni kata ya Wilaya ya Ilala iliyopakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na kando ya Barabara ya Nyerere yamo maghala na viwanda. Nyumba za kuishi zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na wezi si hadithi. Watu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, si kwa ajili ya kumbembeleza sebuleni. Mwandishi anayewaambia wakazi wa huko wafuge mbwa wapole pasipo kuutaja wizi atakuwa anazungumza peke yake.

Tatizo lipo katika imani kwamba ukali hupatikana kwa kumtesa mnyama. Mtoto wa mbwa huletwa nyumbani, hufungwa mnyororo akiwa na miezi miwili au mitatu, na huzuiwa asizoeane na wageni ili asije akawa rafiki wa kila mtu. Watoto wa nyumba humchokoza kwa kumwonyesha chakula na kukiondoa. Akinguruma, hupigwa. Wapo wanaomlisha pilipili wakiamini inaongeza ukali. Inachoongeza ni maumivu ya tumbo.

Mbwa anayelelewa hivyo huwa mwoga, na uoga wake huonekana kwa nje kama ushujaa. Mnyororo umemnyima njia ya kwanza ambayo kila mnyama huitumia anapotishwa, yaani kuondoka. Akinyimwa kukimbia, hubaki na meno. Akijaribu mara moja kumrukia mpita njia na mpita njia akarudi nyuma, amejifunza somo ambalo halihitaji mwalimu: meno hufanya kazi. Usiku anapofunguliwa hana uwezo wa kupambanua kati ya mwizi anayeparamia ukuta na binti aliyetumwa dukani. Kwake wote ni wageni, na wageni wote ni hatari.

Kupigwa kunastahili maneno zaidi, kwa sababu wengi huamini kuwa kipigo ndiyo adabu. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009 uliwauliza wamiliki waliowapeleka mbwa wao kwenye kliniki ya tabia za wanyama. Miongoni mwa mbwa ambao wamiliki walikuwa wamewapiga au kuwapiga mateke kwa sababu ya makosa, asilimia 43 walijibu kwa ukali. Kipigo kwa mbwa mwoga huthibitisha kile alichokuwa akikihofia.

Lipo kosa lingine la hatari zaidi, nalo ni kumwadhibu mbwa kwa sababu ya kunguruma. Kunguruma ni onyo, na ni onyo la mwisho katika mlolongo mrefu. Kabla ya hapo mbwa huwa ameshageuza uso pembeni, amelamba midomo ilhali hana chakula, amepiga miayo ilhali hana usingizi, ameonyesha weupe wa macho, amekaza mwili. Mkia unaotikisika nao si dalili ya furaha siku zote. Ukiwa umesimama wima na kutikisika kwa haraka juu ya mwili uliokakamaa, ni bora kukaa mbali. Mbwa anayepigwa kila angurumapo hujifunza kunyamaza. Hofu yake haijapungua, ila sauti tu ndiyo iliyoondolewa. Huyo ndiye mbwa ambaye mwenyewe husema, "Alimng'ata ghafla, hata hakubweka."

Wiki za mwanzo

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sayansi imeweka tarehe katika usemi huo kwa upande wa mbwa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyolea watoto wa mbwa ndani ya uzio mpana bila ya kukutana na binadamu, wakawatoa mmoja mmoja kwa vipindi katika umri tofauti. Wale waliokaa hadi wiki ya 14 bila ya kumzoea mtu walikuwa kama wanyama wa porini. Hata mafunzo ya baadaye hayakuwarudisha kikamilifu. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata, wataalamu hukubaliana kuwa kipindi cha mtoto wa mbwa kuzoea watu na dunia huanza takriban wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Baada ya hapo kujifunza hakukomi, ila huwa kwa taabu.

Tazama sasa uchungu wa hesabu hiyo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo hasa ambayo mfugaji wetu huitumia kumficha mbwa asizoee watu.

Kumzoesha maana yake ni kumkutanisha na mambo mengi, kidogo kidogo, akiwa ametulia na akipata kitu kizuri. Kwa Kipawa mambo hayo ni mlio wa ndege inayotua, bodaboda, muuza maji na mkokoteni wake, mwanamke aliyevaa buibui, mzee mwenye mkongojo, mtu aliyebeba mzigo kichwani, watoto wenye mabegi ya shule, mvua ya vuli juu ya bati. Kila kimoja kinapotokea kwa umbali usiomtisha, mtoto wa mbwa hupewa kipande cha dagaa au tonge la ugali lenye mchuzi. Akionyesha hofu, anasogezwa mbali, halazimishwi. Dakika tano mara mbili kwa siku zinatosha. Ashikwe masikio, miguu, kinywa na shingo kila siku, kwa upole, ili siku daktari wa mifugo atakapomshika asione jambo geni. Azoee kuvalishwa kamba na kutembezwa nayo. Kwa kuwa katika umri huo hajakamilisha chanjo zake, abebwe mkononi badala ya kuachiwa majalalani pamoja na mbwa wasiojulikana.

Asiyeamini kwamba mnyama hufunzwa bila fimbo na asafiri hadi Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili wamepata kufanya kazi na vituo vinavyopeleka sampuli kwa panya hao. Panya huanza kushikwa na kuzoeshwa watu, sauti na harufu wakiwa na umri wa wiki chache tu. Kisha hufundishwa kwa sauti ndogo ya mbofyo inayofuatwa na chakula, kama kipande cha ndizi. Hakuna panya anayefundishwa kwa kiboko. Mbwa, aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hashindwi na panya.

Mbwa mpole atalinda nini?

Hili ndilo swali la haki kutoka kwa mfugaji. Jibu ni kwamba kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka. Mwizi hurudishwa na kelele zinazoamsha nyumba na majirani, na kubweka kwa anayekaribia usiku ni tabia ya kuzaliwa nayo ambayo haiondolewi na malezi mema. Kinachoongezwa na malezi ni uwezo wa kupambanua na uwezo wa kusikia anapoambiwa basi. Mbwa anayebweka kwa kila mtu mchana kutwa hana thamani ya ulinzi, kwa kuwa mwenyewe ameshaacha kumsikiliza.

Amri tatu zinamtosha mbwa wa nyumba: "njoo", "kaa" na "acha". Kila moja hufundishwa kwa neno moja lisilobadilika, linalotumiwa na wote nyumbani, na kwa zawadi papo hapo anapotii. Nyumba ambamo baba husema "njoo", mama "hapa" na watoto hupiga mluzi haina haki ya kumlaumu mbwa.

Mnyororo nao uachwe pale inapowezekana. Uzio mzima na geti lenye komeo ni ulinzi bora kwa jirani na kwa mbwa mwenyewe. Asiye na uzio anaweza kuvuta waya imara kati ya nguzo mbili, na kamba ya mbwa ikateleza juu yake, ili apate nafasi ya kutembea, kivuli na maji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na Sheria ya Kanuni za Adhabu inamtia hatiani mwenye mnyama wa hatari ambaye kwa uzembe hakuchukua tahadhari. Nazitaja kwa sababu wafugaji wengi hudhani kwamba kibao cha "Mbwa mkali" getini huwaondolea wajibu.

Pwani yetu ina jambo lake ambalo mtoa elimu hapaswi kuliruka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo wapo wanaofuga mbwa wa ulinzi lakini hawamgusi kamwe. Heshima kwa jambo hilo haizuii mafunzo. Mbwa anaweza kufunzwa kwa sauti, kwa chakula kinachowekwa katika bakuli lake maalumu na kwa kamba ndefu, na mtu mwingine wa nyumbani au kijana anayelipwa akamzoesha kushikwa. Aya ya 4 ya Sura al-Maida inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofundishwa na mawindo wanayokamata, na wanazuoni wamejadili kwa marefu ni yupi anayestahili kuitwa mbwa aliyefunzwa. Kumfunza mbwa, basi, si jambo lililotoka ng'ambo. Mengine yaulizwe kwa masheikh. Tabibu si mufti.

Mbwa mtu mzima aliyekwisha kuwa mkali hurekebishwa polepole na si wakati wote. Mwenye mbwa aliyekwisha kung'ata asijaribu kumfunza peke yake. Amwone daktari wa mifugo, kwani wakati mwingine chanzo ni maumivu ya sikio, jino au kidonda. Kumhasi dume hupunguza kuzurura na kupigana na madume wenzake, ila hakuondoi uoga.

Upande wa watoto

Mafunzo ya mbwa peke yake hayatoshi ikiwa watoto wanarusha mawe. Mbwa aliyerushiwa mawe kila mchana hujifunza kwamba kundi la watoto wenye mabegi maana yake ni maumivu, na siku moja atamlipa mtoto ambaye hakurusha lolote. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto. Akiwajia mbwa asiyejulikana, wasikimbie wala wasipige kelele; wasimame wima kama mnazi, mikono ikiwa chini, macho yakitazama ardhi, kisha warudi nyuma taratibu anapopoteza hamu. Aliyeangushwa ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Mazoezi haya huchukua dakika kumi darasani, nayo watoto huyapenda kama mchezo.

Pale ambapo meno yameshafika

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kabla ya kutafuta usafiri. Majivu, mafuta ya taa na dawa ya meno visitumike. Mgonjwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 unaruhusu chanjo ya ndani ya ngozi kwa siku ya 0, 3 na 7, au ya msuli kwa siku ya 0, 3, 7 na nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28; kituo kitafuata mwongozo wa taifa na chanjo iliyopo. Majeraha yaliyopenya ngozi huhitaji pia immunoglobulini, ambayo hudungwa ndani na kuzunguka jeraha. Hali ya chanjo ya pepopunda nayo iangaliwe.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Mbwa anayeweza kufungiwa mahali salama huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho, hakuwa akiambukiza siku alipong'ata, na daktari anaweza kusitisha chanjo zilizobaki. Katika mfano wetu wa Kipawa, marungu yaliua ushahidi huo, na mtoto atamaliza dozi zote. Ofisa mifugo aarifiwe hata hivyo, kwani mzoga nao waweza kupimwa.

Chanjo na mkono wa kushika

Malezi hayachukui nafasi ya chanjo. Mbwa mpole kuliko wote akiambukizwa kichaa atang'ata. Ili ugonjwa ukatike, inatakiwa angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa, na hilo linawezekana hapa kwetu. Pemba ilianza kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima mwanzoni mwa muongo wa 2010, na ugonjwa ukatoweka. Uliporejea mwaka 2016, uchanjaji ulianzishwa upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umezimwa tena.

Lakini asilimia 70 hupatikana mbwa mmoja mmoja, na kila mmoja lazima ashikwe na mtu. Katika siku za chanjo, mbwa huletwa kwa kamba, mara nyingi na watoto, hadi uwanja wa shule au ofisi ya serikali ya mtaa. Mbwa wa mnyororo hafiki. Mwenyewe anaogopa kumfungua mchana, mchanjaji anaogopa kumkaribia, na mbwa aliye hatari kuliko wote mtaani anabaki bila kinga. Watoto wa mbwa nao huachwa nyumbani kwa kudhani kuwa ni wadogo mno, ilhali WHO inashauri wachanjwe katika kampeni hata wakiwa chini ya miezi mitatu.

Kwa hiyo mhudumu anayemtibu aliyeng'atwa aongeze maswali machache anapofunga bandeji. Mbwa hufungwa muda gani kwa siku? Nani anaweza kumshika? Aling'ata mtu mwingine kabla? Je, nyumba hiyo ina watoto wa mbwa, na wana umri gani? Majibu yapelekwe kwa ofisa mifugo na mwenyekiti wa mtaa, kwa staha, bila ya kumtangaza mtu.

Turudi kwa binti yetu. Siku ya saba amerudi kwa dozi yake, jeraha linapona, naye hataki tena kupita njia ya mkato. Mama yake anataja, kama jambo la kupita tu, kwamba jirani ameshaleta mbwa mwingine, kitoto cha wiki saba, na mnyororo wa yule wa zamani bado umening'inia kwenye mwembe. Mhudumu anaweza kutia sahihi kwenye kadi na kumwita mgonjwa anayefuata. Anaweza pia kumwomba mama ampe namba ya simu ya jirani huyo, kwa kuwa zimebaki wiki tano hivi.